Kikohozi cha Moshi

Gladys Njura alingoja miaka sita mtoto wa kubeba jina lake azaliwe, na alipozaliwa akangoja tena miezi minne na nusu kabla ya kumtia machoni. Usiulize kwa nini hakukimbilia Nkubu kwa mwanawe siku ile ile. Kwao Embu, binti wa kwanza wa mwanao wa kiume huitwa kwa jina lako, na akishaitwa hivyo, wewe umezaliwa mara ya pili. Lakini kwao vilevile, mama mzaa bwana na mama mzaa bibi hawajazani katika nyumba moja ya kupanga wakigombea mwiko. Mama yake Kathure, mke wa mwanawe, alikuwa amewahi kufika na begi lake kubwa, naye hakuonyesha dalili ya kuondoka hadi Pasaka ikapita.

Basi Gladys alibaki kwake juu ya Runyenjes, akichuma chai, akikama ng'ombe wake mmoja na kutazama picha kwenye simu. Alikuwa mjane wa miaka mingi. Mume wake, Ireri, alifariki Mutegi akiwa kidato cha pili, na Mutegi ndiye mtoto pekee waliyejaliwa. Sasa Mutegi alikuwa mwalimu wa hesabu Nkubu, na kila jioni alimpigia mama yake simu kumpa habari za binti yake, ambaye kwa desturi alimwita "mami" kwa sababu ana jina la mama yake.

"Mami amekunywa maziwa akalala," angesema.

"Mami gani? Mimi niko macho na sijakunywa kitu," Gladys angejibu, na wote wawili wangecheka, kisha yeye angekata simu na kukaa kitako jikoni akitamani mpaka kifua kimuume.

Kifua kilimuuma kwa sababu nyingine pia. Tuliseme hili mapema, maana mwenyewe hakulisema. Alikuwa na kikohozi. Kilimwanza kabla ya Krismasi, wakati wa mvua, kuni zote zikiwa mbichi na jiko linatoa moshi kuliko moto. Akakiita kikohozi cha moshi, akakipa tangawizi, limau na asali, na kilipokataa kuondoka akakizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele. Sketi zilianza kumlegea kiunoni, akazifunga kwa pini. Alisema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na minane, umri ambao mwanamke wa Runyenjes bado hupanda mlima na kilo ishirini za majani mabichi mgongoni, lakini ukitaka kujidanganya hukosi sababu.

Mwisho wa Aprili mama yake Kathure alirudi kwake. Kesho yake Gladys alikuwa Nkubu na jogoo, ndizi na mtungi wa maziwa.

Hebu fikiria miaka sita, ongeza miezi minne na nusu, vyote vikiwekwa mapajani mwako kwa wakati mmoja. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana kwenye picha. Alikuwa na kidevu cha Ireri, Mungu amrehemu, na macho ya kumkagua mtu kama karani wa chai anayetafuta majani mabovu. Alimkagua bibi yake kwa muda mrefu, akaona anafaa, akamshika kidole. Gladys alilia bila aibu. Kisha akafanya kile ambacho bibi yake mwenyewe alimfanyia, na mama wa bibi yake kabla ya hapo: akafungua vifungo vya sweta ya mtoto, akatema mate kidogo kifuani, mara tatu, yale mate ya baraka ambayo ni pumzi zaidi kuliko maji, akasema, "Kua, uzeeke kunishinda."

Kathure alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliona. Baadaye alikipangusa kifua cha mtoto kwa ncha ya leso, taratibu, kama mtu anayepangusa meza ambayo haijachafuka. Yeye ni Mmeru, na kwao pia wazee hubariki kwa mate, kwa hiyo si kwamba hakuelewa. Ila alikuwa amemsikia mkwewe akikohoa tangu alipoingia getini.

"Mama, una homa?" aliuliza.

"Hii ni ya moshi tu," Gladys alisema. "Jikoni yangu unaijua."

Wawili hawa walizungumza Kiswahili. Kiembu na Kimeru ni lugha za ndugu, lakini ndugu wanaweza kukosana kwa neno moja, kwa hiyo tangu siku ya kwanza walikubaliana kutumia lugha isiyo ya mama wa yeyote. Asubuhi iliyofuata Gladys alirudi nyumbani kwa ajili ya ng'ombe, mikono ikimuwasha kwa kukosa kile ilichokuwa imeshika.

Siku ya sita Mutegi alipiga simu mchana, saa ambayo kwa kawaida yuko darasani.

"Mami amelazwa," alisema. "Anapumua vibaya. Wamemwekea oksijeni."

Gladys alikuwa shambani, kikapu kikiwa nusu. Kabla hajapata la kusema, alisikia sauti ya Kathure nyuma ya Mutegi, si kali, imechoka tu: "Muulize kama bado anakohoa."

Mutegi hakumuuliza. Hapakuwa na haja, swali lilikuwa limeshafika. Gladys aliketi katikati ya michai akayaona yale mate matatu kifuani mwa mtoto, akaona Kathure akipangusa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mate je? Alimwachia jirani yake Gichovi ng'ombe na funguo za nyumba. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, alikuwa amefika hospitalini.

Wodi ya watoto ilikuwa na baraza ndefu iliyotazama bustani, na vitanda vilipangwa kando ya madirisha makubwa. Kitanda cha Njura kilikuwa cha tatu. Gladys alimwona kupitia kioo kabla hajaufikia mlango: bomba jembamba la oksijeni puani, jingine la maziwa limebandikwa shavuni kwa plasta, na mbavu zikizama na kupanda, zikizama na kupanda, kwa kasi ambayo ingemzimisha mtu mzima. Alipofika mlangoni kikohozi kilimpanda. Akajaribu kukimeza, kikamshinda.

"Hapo hapo, Mama," Kathure alisema bila kuinuka. Nywele zake hazikuwa zimechanwa na blauzi ilikuwa na madoa mawili ya maziwa yasiyonyonywa. "Nisamehe. Usiingie ndani hadi hiyo kikohozi iishe."

Hakuna mkwe aliyewahi kumsimamisha Gladys Njura mlangoni. Angeweza kuwaka, na alikuwa na ulimi wa kuwaka nao. Alimtazama mtoto, akarudi kinyumenyume hadi barazani, akaketi kwenye benchi chini ya dirisha.

Hapo ndipo alipomjua Maxine. Alikuwa afisa wa kliniki, msichana wa huko Maua mwenye raba nyeupe na mwendo wa haraka, ambaye wazee wote walimwita daktari naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Mfukoni alibeba kitu mfano wa mashine ya kunyolea ndevu, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta bapa ya kushika mkononi. Gladys alizijua mashine za kupiga picha mimba. Hakujua kwamba unaweza kumpaka jeli mtoto aliyekwisha kuzaliwa, ukapitisha kile kitu kifuani mwake, mbele, ubavuni, mgongoni, ukaliona pafu linavyofanya kazi. Aliangalia kupitia kioo jinsi Maxine alivyoipasha jeli joto katika viganja vyake kwanza, ili mtoto asishtuke. Kwa hilo pekee alimpenda.

Maxine alipomaliza alitoka barazani, akaketi ncha ya pili ya benchi, akamwita kama mjukuu amwitavyo bibi yake.

"Shosho, nimesikia wewe ndio mwenye jina. Kuja uone pafu ya Njura."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na giza la kijivu, na katika giza mstari mmoja mweupe ukiteleza huku na huku. Maxine alieleza kwamba ule ni ukingo wa pafu, unateleza kila mtoto anapovuta pumzi, na kuteleza ni kuzuri. Pafu zima limejaa hewa, na hewa haipigiki picha, kwa hiyo pafu likiwa na afya halionyeshi mengi. Akabadilisha picha. Hapa chini ya ule mstari paliteremka michirizi myeupe, mingi, imening'inia hadi chini kabisa. Na hapa, mgongoni upande wa kushoto, palikuwa na kipande kidogo kilichokolea.

"Ukiona pafu inafanana na maini, hapo kuna shida," Maxine alisema. "Hii ni ndogo. Na hii michirizi ni unyevu. Njia zake za hewa zimevimba, zina makamasi. Zamani tungesikiliza tu na masikio, tukisie."

Gladys aliitazama ile michirizi.

"Ni mate?" aliuliza.

"Mate gani?"

Akaeleza. Aliyaeleza yote, mara tatu, vifungo vya sweta, maneno aliyosema, hata jina la bibi yake aliyemfundisha. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa juu na Kathure alikuwa akisikia, na Gladys alijua anasikia. Maxine hakucheka.

"Shosho, hii mashine inanionyesha unyevu uko wapi. Hainionyeshi nani ameuleta. Lakini ugonjwa wa hii aina huwa inaanza na homa ya kawaida, mafua tu, kwa mtu mkubwa ni kitu kidogo. Hapo kwa nyumba nani alikuwa na mafua?"

Wakati huo Mutegi alikuwa anapanda ngazi za baraza na chupa ya uji. Kama aliyeitwa na serikali, akapiga chafya. Mbili, halafu ya tatu.

"Hii ni vumbi ya chaki," alisema.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mama ana moshi, mwana ana chaki, na mafua katika ukoo huo hayajawahi kuingia! Kathure aligeuza shingo polepole ndani ya dirisha akamtazama mumewe, na mwalimu wa hesabu akaanza kuvikagua viatu vyake. Ilibainika kwamba darasa lake zima lilikuwa likipiga chafya tangu shule zifunguliwe, na kila jioni alikuwa akifika nyumbani na kumbusu mami wake kabla hata ya kuvua koti.

Kathure hakumsamehe mmoja kwa kosa la mwingine. Alitoa amri moja kwa wote wawili: anayekohoa au kupiga chafya anakaa benchi. Wakakaa benchi, mama na mwana, kama wanafunzi waliofukuzwa darasani, wakipokezana kuchungulia.

Siku zikawa na mpangilio. Asubuhi Gladys alifua nguo za mtoto nyumbani kwa Mutegi, akapika uji wa wimbi wa kumletea Kathure maziwa, akaupeleka hadi mlangoni na kuuweka kwenye stuli. Kathure angesema, "Asante, Mama," na kungoja hadi ameondoka ndipo auchukue. Saa tatu Maxine angepita na mashine yake, na baadaye angetoka kuwaonyesha. Michirizi imepungua kulia. Kushoto bado. Lile doa la maini limebaki kama ukucha wa kidole kidogo. Gladys alikuja kulijua pafu la mjukuu wake kabla hajaujua mlio wa kicheko chake, maana hakuwahi kumsikia akicheka. Alimtamani. Hakuna neno jingine la kulisema jambo hilo. Alitamani uzito wake, harufu ya kichwa chake, lile jicho la karani. Alikuwa hatua nne kutoka kwake, na kati yao palikuwa na kioo ambacho kila jioni alikiacha na ukungu wa pumzi yake.

Siku ya tano mafua ya Mutegi yalikwisha. Alinawa mikono hadi viwiko huku Kathure akimsimamia, akaingia. Gladys alimwona akimwinamia mtoto, akaona mkono mdogo ukiinuka na kumshika pua. Akabaki peke yake kwenye benchi.

Mtu akiwa peke yake husoma chochote. Ukutani mkabala na benchi palibandikwa bango la wizara, picha ya mwanamume ameziba mdomo kwa kitambaa na maneno makubwa ya Kiswahili. Gladys alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza, kama unavyoliona tangazo la sabuni. Sasa alilisoma. Je, umekohoa kwa zaidi ya wiki mbili? Je, unatokwa na jasho jingi usiku? Je, umepungua uzito? Alikuwa mwanafunzi mzuri enzi zake, na akajikuta anajibu kimoyomoyo kama aliyeulizwa na mwalimu. Ndiyo. Jasho, ndiyo, alikuwa akiamka na kugeuza mto upande wa pili na kulaumu blanketi. Uzito. Akaigusa ile pini ya sketi. Ndiyo, mwalimu.

Chini kabisa bango lilitaja jina la ugonjwa, kifua kikuu, na jina hilo kule kwao husemwa kwa sauti ya chini. Alikuwepo jirani waliyemtengea kikombe chake hadi alipozikwa. Gladys mwenyewe, tusimfiche, ndiye aliyekinunua kile kikombe.

Ungedhani aliinuka hapo hapo akamtafuta Maxine. Hakuinuka. Michirizi ilikuwa inakauka, mtoto angeruhusiwa siku mbili au tatu zijazo, na siku hiyo ya kuruhusiwa mtu lazima angembeba mtoto huku Kathure akifunga mizigo. Mara moja tu. Ampakate mara moja, kisha arudi Runyenjes akaseme aliyo nayo kwa daktari wa huko, ambako hakuna anayejua mkwewe ni nani. Alipiga hesabu hiyo siku nzima. Akanunua tangawizi, akaichemsha ikawa kali ya kutoa machozi, akawa anaimeza kidogo kidogo kila kikohozi kinapobisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alilijua hilo vizuri, alikuwa amewaambia wengine mara ngapi. Lakini msemo ni rahisi kumpa mwenzako.

Siku ya nane Maxine alitoka akitabasamu. Akamwonyesha ule mstari mweupe ukiteleza, na chini yake giza safi la hewa, kulia na kushoto. Lile doa la mgongoni lilikuwa limetoweka.

"Hakuna maini tena," alisema. "Kesho mnaenda nyumbani, shosho."

Akaenda zake kwa mwendo wake wa raba. Na Kathure akatoka barazani, mtoto mkononi, bila bomba, bila plasta, shavu moja likiwa na alama nyekundu palipobandikwa. Alikuwa amechana nywele. Alisimama mbele ya mkwewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlangoni.

"Tangu jana sijakusikia ukikohoa," alisema. "Nashukuru Mungu. Mama, najua nimekuwa mgumu. Niliogopa."

"Mama ni kuogopa," Gladys alisema.

"Mshike kidogo, nipange nguo zake."

Akamnyooshea mtoto. Njura mdogo alikuwa macho. Alimtazama mwenye jina lake, akakunja uso akikumbuka au akijaribu kukumbuka, na akafungua mikono yote miwili kama watoto wa umri huo wanavyofanya kwa yeyote yule, ila Gladys hakuona ni kwa yeyote yule. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshainuka. Aliiona imeinuka. Harufu ya maziwa ilimfikia.

Akarudi nyuma hatua moja, miguu ikagonga benchi.

Uso wa Kathure ukabadilika. Alidhani ni kinyongo, kwamba mama mkwe amengoja wiki nzima ili amkatalie mtoto mbele ya wodi nzima. "Mama, nimesema nisamehe," alisema polepole.

"Mrudishe nyuma," Gladys alisema. "Kathure, mrudishe. Hii kikohozi si ya moshi. Niko nayo tangu kabla ya Krismasi. Niko na jasho ya usiku, na hii sketi nimefunga na pini. Hiyo karatasi hapo kwa ukuta inasema mimi." Na kikohozi, ambacho kilikuwa kimebanwa tangu alfajiri, kikatoka chote. Aligeukia bustani akakohoa ndani ya leso hadi akashika nguzo.

Alipogeuka, Kathure alikuwa amerudi hadi mlangoni, amemkumbatia mtoto, kichwa chake chini ya kidevu. Mama wawili waliokuwa barazani walishanyanyuka na kuondoka.

"Na ulimbeba," Kathure alisema. "Ulimtemea mate."

"Ndiyo."

"Ukaniambia ni moshi."

"Ndiyo."

Kathure aliingia ndani, mlango ukafungwa.

Maxine hakupoteza muda kumlaumu mtu. Alimpa Gladys maski na kichupa chenye kifuniko, akampeleka nyuma ya jengo penye upepo, akamwonyesha jinsi ya kukohoa kutoka chini kabisa. Mtoto hakuruhusiwa kesho yake. Alipigwa eksirei, akapimwa upya, akapitishiwa ile mashine mbele na nyuma kwa muda mrefu kuliko siku zote, na safari hii Maxine hakutoka kuonyesha picha hadi alipozirudia zote mara mbili. Mutegi alitembea barazani kutoka ncha hadi ncha. Gladys aliketi chini bustanini, kwenye nyasi, mbali na benchi, akimwomba Mungu kitu kimoja tu, na hakikuwa kuhusu afya yake.

Majibu yalitoka alasiri. Ya Gladys yalikuwa kama bango lilivyosema. Ya mtoto yalikuwa safi. Hata hivyo angetumia dawa ya kinga kwa miezi kadhaa, kwa sababu kwa mtoto wa umri huo hawabahatishi, Maxine alisema, ugonjwa huo humwingia mtoto mchanga haraka na kwa ukali kuliko mtu mzima. Akaongeza jambo jingine, akilisema kwa sauti ya kutosha kupita dirishani:

"Kama shosho angenyamaza, hii dawa hatungempatia. Tungemruhusu, tungesema pafu ni nzuri. Na kesho kutwa ingekuwa hadithi ingine."

Dawa za Gladys zilikuwa za miezi sita, kila siku, bila kuruka. Angezichukua Runyenjes, karibu na kwake. Baada ya miezi miwili wangempima makohozi tena, na yakiwa safi angeweza kumbeba mtoto. Hadi hapo, alale chumba chake, madirisha wazi, na kwa mjukuu asikaribie.

Kesho yake waliruhusiwa kuondoka kwa pamoja, mtoto na bibi. Asubuhi hiyo palikuwa na ukungu, ule ukungu wa Mei wa kuelekea msimu wa baridi. Mutegi alibeba mfuko wa mama yake hadi karibu na geti, na Gladys akamfuata, maski usoni, mfuko wa dawa mkononi. Kathure alikuwa ameshafika pale, amesimama upande wa pili wa njia, hatua kumi au zaidi, mtoto amefunikwa shali hadi puani. Hakuwa amemsemesha mkwewe tangu juzi. Gladys hakumtegemea amsemeshe. Alisimama pale pale alipotakiwa kusimama, akatazama. Hakuona mengi. Kofia ya manjano, kope zilizofumbwa. Mtoto alikuwa amelala fofofo na hakujua kwamba kuna mtu anaondoka.

"Miezi miwili si mingi, mami," Mutegi alisema kwa Kiembu.

"Si mingi," Gladys alikubali. Alikuwa amekwisha kuzihesabu wiki, kwa vidole, mara kadhaa. Kisha akahamia Kiswahili, labda kwa sababu Kiembu kilikuwa karibu mno na moyo, labda kwa sababu kuna mtu alitaka asikie. "Mwezi ya saba atakuwa anaketi. Atakuwa anajua watu. Wewe ukiwa hiyo miezi ulikuwa unakataa hata baba yako akitoka safari. Sasa mimi nikikuja, ataona ni mtu hajui. Ataangalia hii sura, atanililia."

Mutegi ni mtu wa hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Gladys aliuchukua mfuko wake kutoka mkononi mwake, akautia begani, akageukia geti.

"Acha alie," Kathure alisema kutoka ng'ambo ya njia.

Gladys alisimama.

"Acha alie, Mama. Utamshika hivyo hivyo akilia."